Sista Aliyekatisha Salamu za Babu

Kwa Muuguzi Mkuu,
Wodi ya Wanaume,
Mwanza.
14 Septemba 1995

Mheshimiwa Matroni,

Shikamoo. Pole na kazi. Mimi ni Ng'washi Shigela, mwanafunzi wa kidato cha pili. Kwa sasa nakaa Buhongwa kwa shangazi ili nimpelekee chakula babu yangu, Mzee Mhoja, aliyelazwa kitanda namba tisa kwa ugonjwa wa kifua. Mwalimu wetu wa Kiswahili ametufundisha kwamba mwenye malalamiko asinung'unike njiani, bali aandike, apange kwa namba, na asitukane.

Namlalamikia Sista Odeta wa zamu ya asubuhi. Sisemi ni mtu mbaya. Nasema hajui nani aanze.

1. Hafuati umri. Babu ana miaka themanini na moja, na wodi nzima hakuna anayemkaribia. Hata kwenye kivuko cha Busisi, malori yaliyolala foleni yalisogezwa pembeni ili Babu apite, maana kila mtu aliona ni mzee. Lakini Sista huanza na kitanda namba tatu, alikolala Owiti, mvuvi kutoka Mara, mwenye miaka ishirini na miwili. Owiti hana mke, hana ng'ombe, na tangu aletwe hajamwamkia mtu yeyote. Nimeambiwa hana fahamu, lakini nadhani malezi nayo yanachangia.

2. Anakatisha salamu. Babu akiamkiwa huitikia, kisha huuliza usiku ulikuwaje, ukoo wako ni upi, wazazi wanaendeleaje, mvua imenyesha kiasi gani, na mifugo. Kwa kuwa Sista ni Mhaya na hana ng'ombe, Babu alijitahidi akamuuliza habari za migomba. Alipofika kwenye wadudu wa migomba Sista akaondoka, Babu akabaki anakiuliza chandarua. Na kwetu si adabu kumweleza mtu shida zako kabla hujajua zake. Leo ni siku ya nne, na Babu bado hajapata nafasi ya kusema anaumwa wapi.

3. Hutazama saa mzee akizungumza. Humshika Babu mkono kana kwamba anamsikiliza, kumbe macho yako kwenye saa. Nilimweleza Babu, kama tulivyosoma katika Biolojia, kwamba anahesabu mapigo ya moyo. Babu akasema moyo huo umepiga miaka themanini na moja bila kuhesabiwa, basi na usubiri amalize sentensi.

4. Hajui kwamba mteja ni mfalme. Jambo hili linatangazwa redioni tangu soko huria lianze. Nilimuuliza kwa adabu kwa nini mfalme wa kitanda namba tisa anasubiri. Akanijibu huku anakimbia kwamba, mwanangu, babu yako anaongea vizuri, mshukuru Mungu. Matroni, kumsifu mtu kwa ufasaha si tiba.

5. Amepuuza kura. Kwa kuwa mwezi ujao nchi inapiga kura ya vyama vingi, wagonjwa waliona waanze mapema, wachague nani ahudumiwe kwanza. Wagombea walikuwa Babu na Owiti. Nilihesabu mimi mwenyewe, mbele ya wote. Babu alipata kura kumi na moja. Mbili ziliharibika kwa sababu wapigakura walikuwa wamelala. Owiti alipata moja, kutoka kitanda namba mbili, na hata huyo tunadhani alinyoosha mkono kuomba maji. Matokeo yalipotangazwa, Sista alimpita mshindi, akaenda kwa aliyeshindwa na kumwekea mtungi wa oksijeni, ambao ni mmoja tu wodini.

Kwa hiyo naomba vitanda vipangwe kwa umri. Kijana anayetarajia kuzidiwa atoe taarifa ya maandishi siku tatu kabla, na wazee wakimruhusu, azidiwe. Sista naye apewe kiti, ili salamu ziishe akiwa ameketi. Salamu ya Babu ni dakika arobaini. Wagonjwa ni kumi na tano. Nimepiga hesabu, ni saa kumi tu, na dawa zinaweza kugawiwa kesho yake.

Nikueleze pia kwa nini nina haraka. Babu ameahidi kuja kushuhudia nikikabidhiwa cheti cha kidato cha nne, na siku hiyo atavaa viatu. Imebaki miaka miwili.

Nisalimie madaktari, wahudumu, wapishi wa uji, na mlinzi wa getini ingawa hunizuia. Msalimie pia Owiti, akiamka.

Ni mimi ninayelalamika kwa heshima zote,
Ng'washi Shigela

Nyongeza, Ijumaa asubuhi: Kabla sijaifunga bahasha, Sista Odeta alimwamkia Babu. Babu akaitikia marahaba, akanyamaza. Hakuuliza usiku, hakuuliza mvua. Nilifurahi, nikadhani ameanza kumwonea Sista huruma. Sista aliiweka trei ya sindano juu ya miguu ya Owiti, ambaye sasa ameketi na anakunywa uji, akamwinua Babu, akauburuta mtungi yeye mwenyewe, akamtuma mhudumu mbio kwa daktari. Wengine wote walingoja, na hakumwomba mtu radhi. Zimepita saa mbili sasa na hajaondoka hapo. Midomo ya Babu imeanza kurudia rangi yake.

Tatizo ni kwamba jana jioni aliletwa mzee wa miaka themanini na sita, goti limevimba. Kwa kipengele cha kwanza, yeye ndiye aliyetakiwa kuanza. Naomba vipengele vyote vitano usivitekeleze, na kura ile uifute. Zibaki salamu tu.

Mzee huyo ameudhika sana kwa kurukwa. Ameona mwandiko wangu unasomeka, ameniomba nimwandikie barua ya malalamiko. Nimemwambia kalamu yangu imekwisha wino.