Mkono wa Ndugu Mwenyekiti

Inatangazwa kwa fahari kwamba mji wa Lipnovo, ambao hadi mwaka juzi ulijulikana Bulgaria nzima kwa nyanya za makopo tu, sasa unajulikana pia kwa damu. Mimi ni katibu wa Halmashauri. Nilikuwepo tangu sindano ya kwanza, na ninaeleza mambo kama yalivyotokea.

Mwezi Machi mwenyekiti wetu, Ndugu Haralampi Drundarov, aliazimia kwamba kila mkazi mwenye mishipa atachangia damu kwa hiari yake, na asiye na hiari ataandikiwa barua. Kazi ya kutoa damu alipewa Nesi Zlatina, ambaye mkono wake ni mwepesi hata watu humuuliza ataanza lini wakati ameshamaliza. Nesi alisimama mkutanoni akauliza kama Mwenyekiti ndiye atakayefungua zoezi. Mwenyekiti alijibu kwamba damu yake ina shughuli nyingi za kiofisi.

Tatizo ni kwamba gazeti la mkoa lilimtuma mpiga picha, na mpiga picha alitaka sindano ndani ya mkono wa kiongozi. Nasema kwa heshima zote: Mwenyekiti si mtu wa sindano. Mkewe akishona kifungo, yeye hutoka nje.

Ikaundwa Kamati Ndogo ya Mkono, mimi na yeye. Baada ya dakika ishirini tulipitisha kwa kauli moja kwamba dereva wake, Rangel Shopov, akae nyuma ya pazia na kupenyeza mkono wake kwenye koti la Mwenyekiti. Mwenyekiti angechangia uso.

Nesi Zlatina alitazama kucha zilizojaa grisi.

"Mkono wa nani huu?"

"Wa Halmashauri," nikasema.

Akatoa damu. Pazia lilipiga chafya mara moja, nami nikaandika kwamba Mwenyekiti ana mafua kidogo lakini hakuyajali. Picha ilitoka vizuri sana.

Chupa ikaandikwa jina lake, na baada ya wiki mbili kadi ikarudi: kundi O hasi, damu adimu inayomfaa kila mtu. Mwenyekiti hakushangaa. Alisema siku zote amehisi kwamba anamfaa kila mtu.

Mwezi Agosti, mfanyakazi wa kiwanda cha nyanya aitwaye Yordanka alikimbizwa hospitali ya mkoa, ng'ambo ya mlima, kujifungua. Nesi Zlatina alimsindikiza. Mtoto wa kike alitoka salama, ila damu ya mama haikukatika, na chupa za kundi lake zilikuwa zimekwisha. Daktari akafungua orodha ya wachangiaji. Katika mkoa mzima jina la karibu lenye damu ya kumfaa lilikuwa moja, Haralampi Drundarov.

Simu ilitukuta mezani, tukinywa supu baridi ya mtindi na matango. Mwenyekiti angeweza kusema ukweli palepale. Badala yake alisema anakuja, akamwamuru Rangel awashe gari. Njia nzima alikuwa akijifuta jasho. Tulipofika kileleni alininong'oneza nichunguze kama hospitali ile ina mapazia.

Haikuwa nayo. Ilikuwa na korido ndefu, na ndani yake mume wa Yordanka, Stamen, bado amevaa ovaroli ya kiwandani. Alipomwona Mwenyekiti aliushika mkono wake kwa mikono miwili. Akaendelea tu kuushikilia. Nimehudhuria sherehe nyingi, lakini sikuwahi kuona Mwenyekiti akitamani hivyo kurudishiwa mkono wake.

Nesi Zlatina akatoka, aproni yake imelowa damu.

"Ndugu Mwenyekiti, dada wa watu hana muda," akasema kwa sauti ya chini. "Ule mkono uko wapi?"

Mwenyekiti akamtazama Stamen, kisha akatazama viatu vyake.

"Uko garini," akasema. "Unakula tikiti maji."

Nilikimbia mwenyewe kumwita, jambo lisilomo katika majukumu ya katibu. Rangel alinawa hadi viwikoni, akapimwa haraka, akalala kitandani. Nesi alimtoboa mara moja tu. Mwenyekiti, kupitia mlango uliokuwa wazi, aliona chupa inaanza kujaa, akaenda chini mzimamzima. Nesi akamruka alipokwenda na chupa, akamruka tena aliporudi.

Saa kumi Yordanka alifumbua macho, akauliza mtoto yuko wapi. Stamen alimkumbatia Rangel, akalia begani mwake.

Nesi alimkataza Rangel kugusa gari siku hiyo. Mimi sijui kuendesha. Mwenyekiti alikuwa hajaendesha tangu apewe dereva, miaka kumi na mmoja iliyopita, lakini hakukuwa na mwingine. Rangel akawekwa kiti cha nyuma, na manesi wakamjazia mapajani kopo la asali na kokwa za jozi, vya kurudisha damu.

"Gia ya pili, Ndugu Mwenyekiti," alisema kwa upole mlima ulipoanza. "Ya pili, hiyo ni wipa."

Tulipoingia Lipnovo ilikuwa jioni, watu wamekaa nje. Kama kawaida, waliliona gari, wakasimama, wakavua kofia kuelekea kiti cha nyuma. Rangel akawapungia mkono.

Katika ripoti yangu kwa mkoa niliandika kwamba siku hiyo ngumu Ndugu Mwenyekiti alishika usukani mwenyewe. Ripoti nyingine zote nimewahi kuzirekebisha kidogo. Hii sikugusa hata neno.