Miche ya Laoban Chen

Jumatatu, 10 Novemba 2008
Viza yangu inakwisha Ijumaa ya wiki ijayo. Leo askari wa pasipoti wamesimama tena kwenye daraja la Xiaobei, mtaa wetu sisi Waafrika tuliofuata bidhaa za Kichina. Nimezunguka mitaa mitatu kufuata mkate. Viza bado hai, lakini sitaki waizoee sura yangu. Mimi, mtu mzima na heshima zangu!

Ila Mungu si Athumani. Laoban Chen, bosi wa duka la viatu kule Liuhua, amesema atampa barua ya kuongezewa viza atakayemsaidia shambani kwa baba yake, milimani. Paa wanamaliza miche ya michungwa. Alitaka kueleza zaidi, nikamkatiza. Nikamwambia babu yangu alikuwa mwindaji mkuu wa Sikonge. (Babu alikuwa fundi cherehani. Lakini alikalia ngozi ya paa.)

Rotich akadakia kwamba naye anaitaka hiyo barua. Nani kamuuliza? Kuishi chumba kimoja na huyu Mkenya hakutoshi, sasa anifuate hadi porini! Laoban kasema twende wote, kila mtu na upande wake wa shamba.

Jumatano, 12 Novemba
Paa huwezi kumkaribia akishakunusa. Kwa hiyo kuanzia leo: sabuni marufuku, manukato marufuku, vitunguu marufuku. Nguo zangu zote nimezifua kwa majivu, mara mbili.

Rotich hajafua tangu Septemba. Mashati yake yananing'inia mlangoni yakinuka beberu. Nimemwambia akienda na uvundo ule, paa watahamia Vietnam. Alitaka kusema kitu, nikamwambia anyamaze. Akasema sawa tu, bosi. Hiyo "sawa tu" yake inaniudhi kuliko mashati.

Ijumaa, 14 Novemba
Albina kanifukuza mgahawani kwake! Nilikuwa nimejipaka mavi ya mbuzi, kidogo tu, nyuma ya masikio. Kasema tangu misako ianze amebakiwa na wateja wanne, na wote wanne wamehama meza. Nikamweleza kwamba huu ni utaalamu. Akanipa ugali wangu kwenye mfuko wa nailoni, kupitia dirishani. Dirishani!

Wakati wa kurudi askari kanisimamisha. Akaziba pua, akanipungia mkono niende zangu. Haya, nani mjinga sasa?

Jumatatu, 17 Novemba
Shamba la mlimani. Jana nilipeleleza upande wangu wote: nyayo, vinyesi, njia wanayopitia. Leo alfajiri nimelala kifudifudi katikati ya miche, kimya. Wakaja paa watano. Hawakunishtukia hata kidogo! Machozi yalinilengalenga kwa fahari.

Kisha nikakumbuka kwamba sina bunduki. Sina wavu. Sina hata rungu. Wakaanza kula miche. Mmoja alitafuna karibu kabisa na sikio langu. Nilipopiga kelele hatimaye, walishamaliza mstari mzima, na mmoja kanikanyaga mkono akikimbia.

Rotich? Alitundika mashati yake machafu kwenye vijiti upande wake, akaenda kulala ndani kwa mzee. Hakuna jani lililoguswa! Anasema paa akinusa mtu hasogei karibu, kwao Kericho hata mtoto anajua. Na eti Laoban hakutaka mwindaji, alitaka paa wasije. Kwa nini hukusema, nikamuuliza. Akasema nilimwambia anyamaze.

Jumatano, 19 Novemba
Rotich amepata barua. Mimi nimeambiwa miche arobaini imeliwa. Nimemwomba Laoban mpaka nimepiga magoti mbele ya wateja wake. Meiyou. Hakuna. Nikirudishwa nyumbani, viatu nilivyonunua kwenda kuuza Krismasi vitaozea ghalani, na mke wangu Bertila ameshachukua fremu ya duka Tabora.

Jioni baba yake Laoban kanihurumia, kapiga simu. Nipeleke kesho mashati machafu matano, niyatundike upande wangu. Paa wasipogusa mche hadi asubuhi, barua ninayo. Mashati machafu matano tu! Sina hata moja. Yote nimeyafua kwa majivu!

Rotich kanipa yake. Kayakunja, kayatia kwenye mfuko, kaufunga. Angenicheka ningepumua. Shenzi yule!

Ijumaa, 21 Novemba
Nilifika jana mchana, nikafungua mfuko. Hapana. Paa wakimbie harufu ya Rotich, halafu sifa apate nani? Nikayafua mtoni, mara mbili, nitoe harufu yake niweke yangu. Nikayavaa yote matano mabichi, nikapanda kilima mbio, nikashuka mbio. Baridi ile! Jasho halikutoka hata tone. Nikayatundika hivyo hivyo.

Asubuhi hakukuwa na mche. Shati moja limeliwa mkono. Mzee akanisindikiza mwenyewe hadi kituo cha basi, akahakikisha nimepanda.

Sasa niko chumbani, nimefunga komeo. Viza inakwisha leo. Askari wako kwenye ngazi, ghorofa ya pili. Rotich kashuka na pasipoti yake kifua mbele. Kauliza kama aniletee mkate. Nimekataa. Nina heshima zangu.

Nimekaa nikatafakari, na kosa nimelijua. Yale mashati niliyafua mara mbili. Ilitakiwa tatu.