Mtego wa Soksi

Jumatatu, 4 Mei
Baba mkwe kaamua! Nikimaliza mbio za Jumapili ya wiki ijayo, gari lake la mashindano ni langu. Likinizimikia njiani, anapewa shemeji, mdogo wake mke wangu. Tatizo injini imechoka, inataka kufumuliwa na kuundwa upya. Mke wangu anasema fundi wa kuaminika ni mmoja tu: huyohuyo shemeji. Makubwa! Fisi nimkabidhi bucha? Fundi nitamchagua mwenyewe.

Jumanne, 5 Mei
Mtego tayari. Nimesokomeza soksi yangu kwenye bomba la hewa la injini. Fundi mwaminifu ataikuta na atasema. Ya pili nimeitumbukiza kwenye tangi la mafuta, kwa ajili ya fundi bingwa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu zimepungua kwa nje tu.

Alhamisi, 7 Mei
Fundi wa kwanza, wanamwita Profesa, hata boneti hakufungua. Kafumba macho, kasikiliza, katikisa kichwa kama yuko msibani. Eti pistoni zote zimekufa. Wa pili ana gereji inayong'aa kuliko sebule yetu. Kasema injini nzima kabisa, inataka oili tu. Huku inahema kama mgonjwa wa pumu! Nimeaga kwa adabu.

Ijumaa, 8 Mei
Sina ujanja, nimempelekea shemeji. Kufumba na kufumbua kachomoa soksi, kaitia mfukoni, kimya. Nikafurahi kimoyomoyo: mwongo huyo! Kumbe kaja kula kwetu, kaitoa mbele ya Mzee, baba mkwe, imefuliwa na kukunjwa. Kasema panya wa kwangu wanajua kuvaa. Mke wangu kaitambua, kauliza ya pili iko wapi. Nikasema imepotea kwenye kufua. Mzee kacheka mpaka kapaliwa.

Jumamosi, 16 Mei
Injini inaimba! Shemeji macho mekundu, wiki nzima kaishi chini ya boneti. Nilitaka kumwambia habari za tangi. Aibu, bwana. Nikajaribu kuiopoa soksi kwa waya, mke wangu akanifuma. Nikamwambia nakagua harufu ya petroli. Sijui kama kaamini. Labda imeshayeyuka.

Jumapili, 17 Mei
Haijayeyuka.
Niliwapita wawili. Jamani, wawili! Kona ya mwisho gari likakohoa, likazima, mstari wa kumalizia nauona. Nikajua kwisha habari yangu. Mara shemeji huyo, karuka uzio, anakuja mbio. Gari likibaki pale ni lake! Kalisukuma mpaka tukavuka, vumbi mpaka kwenye kope. Kamwambia Mzee makubaliano yalikuwa kumaliza, habari ya kusukumwa haikutajwa. Mzee akanipa funguo. Nikamkumbatia shemeji nikalia mbele za watu. Nampenda sana yule kijana, sikatai.
Ila nimefika nyumbani nimetulia, nimewaza. Soksi ya pili hakuiona. Fundi gani huyo? Halafu mtu anayeachia gari kirahisi hivyo, lazima ana lake jambo. Na gia boksi nayo imeanza kulia, inataka fundi wa kuaminika.
Nimeshavua soksi.