Moja, Tatu, Nne, Mbili

Jumatatu, 4 Agosti 1975. Kibondo.
Gari langu linaumwa. Linatetemeka, linakohoa, ekzosi inatoa moshi wa buluu. Kwenye dashibodi imewaka taa nyekundu. Na Jumamosi nampeleka Veronica Kasulu akafunge ndoa! Ni binti wa marehemu kaka yangu. Baba yake sasa ni mimi. Abdalah wa dukani amejitolea lori lake linalopeleka maharage huko. Nimemshukuru, nikakataa. Binti yetu hatashushwa mbele ya wakwe kama gunia. Taa nimeibandika plasta. Inanivuruga nisifikiri.

Jumanne, 5 Agosti.
Amepita fundi Longinus, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wangu. Hakusalimia. Aliuliza maiti inazikwa lini. Akabandua plasta, akasema Muha akiona nyumba inaungua hufumba macho. Taa hiyo inaomba oili. Nikamjibu kwamba Mnyamwezi namwamini kwa kubeba mizigo, kwa injini bado. Akaondoka akicheka. Sikuongeza oili. Mtani hapewi ushindi siku ya kwanza.

Jumatano, 6 Agosti.
Nimeongeza oili, mlango wa ua nikiwa nimeufunga. Taa imezimika. Longinus asijue.
Injini bado inakosa mapigo. Nikaiacha ingurume, nikachomoa waya wa plagi mmoja mmoja. Wa kwanza: injini ikadhoofika. Wa pili: vilevile. Wa tatu: haikujali kabisa. Basi mgonjwa ni huyo. Umeme ulinipiga hadi kwenye meno, lakini nimemjua. Plagi ilikuwa nyeusi, imelowa oili. Nikaisugua kwa msasa, nikairudisha. Injini ikatulia kama paka. Mtu mwenye busara hapo angefunga boneti, akaenda kuoga.

Alhamisi, 7 Agosti.
Nimefungua boneti. Kujipongeza tu.
Nikafuatilia nyaya kutoka kwenye distributa, inayogawa umeme. Aibu. Zamu inaanza plagi ya kwanza, inaruka hadi ya tatu, kisha ya nne, ndipo inarudi ya pili. Mwaka wa tano huu nafundisha watu wazima kuhesabu. Hata bibi wa miaka sabini darasani kwangu haruki mbili. Nikazipanga: moja, mbili, tatu, nne.
Nikawasha. Ekzosi ikalipuka mara tatu. Nsengimana wa mgambo akaja mbio na rungu, akauliza nani anapiga risasi. Mke wangu Winifrida akamwambia ni mwalimu, anasahihisha.

Ijumaa, 8 Agosti.
Winifrida kamwita Longinus bila ruhusa yangu. Dakika kumi, gari likanguruma vizuri. Akasema injini haisomi, inatwanga: wanne kwenye kinu kimoja hupokezana kwa namna ambayo michi haigongani, hawafuati nani kasimama wapi. Akanishauri niuandike mpangilio wake. Nikakataa. Siandiki kosa kwa mkono wangu.

Jumamosi, 9 Agosti. Kasulu.
Tuliondoka alfajiri, Veronica na Winifrida nyuma, shela kwenye sanduku. Gari lilikwenda vizuri mno. Hilo ndilo lililoniponza. Nikawaza: kama linakwenda hivi kwa mpangilio mbaya, je, kwa mpangilio mzuri?
Karibu na Makere wakashuka kuchimba dawa. Dakika tano zilinitosha.
Waliporudi, gari halikuwaka. Nikataka kuzirudisha nyaya, lakini ile orodha nilikataa kuiandika, wala sikukumbuka lalamiko langu la Alhamisi humu daftarini. Nikajaribu moja, nne, mbili, tatu. Nikajaribu nyingine. Veronica hakulia. Alisema tu, Baba mdogo, ndoa ni saa nane.
Saa tano lori la Abdalah likatokea. Hakunicheka, na hilo liliuma zaidi. Binti yetu akaingia Kasulu juu ya maharage, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Wakwe walipiga vigelegele kabla lori halijasimama. Kafunga ndoa kwa wakati.

Jumapili, 10 Agosti. Kasulu.
Nimelala kwa wakwe. Baba wa bwana harusi, mzee Hatungimana, ana mashine ya kusaga. Nimeikagua kabla ya chai. Mkanda wake umepishana katikati kama mtu aliyekunja miguu. Mzee anasema umepishwa makusudi. Ukinyooshwa, mashine itazunguka kinyumenyume. Maskini, sijui nani kamdanganya.
Wamekwenda kanisani wote hadi saa sita. Spana nimeshaazima.