Chai ya Unyanyembe

Jumatatu, 2 Februari 2026
Nimepata! Binamu yangu Vedasto kanitumia picha kutoka Mufindi. Watalii wamebeba vikapu mgongoni, wanachuma chai, wanakijiji wanawaelekeza, kila mtu anacheka. Na sisi Jumamosi tunapokea wageni watano wanaofuata njia ya zamani ya misafara. Wakipendezwa, watasimama mtaani kwetu kila mwezi. Kikundi cha jirani yetu Hafsa kimewaandalia nini? Mizinga ya nyuki na kikombe cha mchaichai! Mchaichai unaota nyuma ya kila bafu hapa Tabora. Uongozi wa wageni ninautaka mimi, pamoja na kofia ya kiongozi. Ninachokosa ni chai tu.

Jumanne, 3 Februari
Kikao cha mtaa. Nimetangaza kwamba ninalo shamba la chai la majaribio. Mwenyekiti, Bi Imakulata, akauliza tangu lini chai ikavumilia jua hili. Nikajibu utafiti bado ni siri. Hafsa akauliza kama majirani wameshirikishwa. Nikamwambia watashirikishwa kushangaa. Wamekubali wageni waanzie kwangu. Wakipendezwa, kofia yangu!

Jumatano, 4 Februari
Ua wa michongoma wa jirani yangu Mzee Lugembe, unaozunguka viazi vyake, umestawi mno kwa mvua hizi. Ukiupunguza hadi kiunoni, ukausawazisha juu, ukafumba jicho moja, uko Mufindi! Nikampa shikamoo, nikaomba mkasi wake mkubwa. Akaitikia marahaba, akaniazima, akanisifu kwamba hatimaye nimekuwa mtu wa kazi. Kisha kaenda zake Usinge kumwona binti yake. Bahati iliyoje!

Ijumaa, 6 Februari
Miiba. Jana niliukata ua wote hadi kiunoni, lakini miiba sikuifikiria! Nimeing'oa upande wa barabarani asubuhi nzima. Vidole vimevimba, nimeshindwa hata kufunga vifungo vya kanzu kwenda msikitini. Upande wa ndani nimeuacha. Nani atachumia upande wa ndani?

Jumamosi, 7 Februari
Mgeni mmoja alichumia upande wa ndani. Mama Martha, mstaafu wa kiwanda cha chai, miaka thelathini kazini! Akachuma, akanusa, akatafuna, akachomwa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Akauliza kwa upole hii ni aina gani. Nikasema ya huku kwetu Unyanyembe. Na miiba? Nikasema inajilinda na wezi. Akawaita wenzake waje waone maajabu.

Hapo mbuzi wangu wanne, ambao kwa miaka miwili ua ule uliwashinda kwa urefu, wakauruka mmoja mmoja na kuvamia viazi. Na nani anatokea barabarani na begi lake? Mzee Lugembe. Akawasalimia wageni kwanza kwa Kinyamwezi, wangaluka, bila haraka. Kisha akanitazama mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Wageni wakahamia kwa Hafsa. Wakanywa mchaichai kwa asali ya msituni, kikombe cha pili, cha tatu. Wakauliza mbona mizinga ni ya mbao. Hafsa akaeleza kwamba ya magome waliiacha, maana mti ukichunwa gome unakufa, na nyuki wanakosa maua. Nimezaliwa hapa na sikulijua hilo. Nikajikuta nami nimenyoosha mkono kuuliza, kama mgeni wa sita.

Jumapili, 8 Februari
Kikao tena. Wageni watarudi kila mwezi! Kofia kapewa Hafsa. Kila nyumba imepewa kazi: huyu vikombe, yule njia, yule hadithi za misafara. Mimi nizibe ua wa Mzee Lugembe, nipande viazi vyake upya, na nifunge mbuzi wangu kila wageni wajapo. Hafsa akanikaribisha nikajifunze mizinga. Iliniingia moyoni, sifichi. Nikaapa mbele ya wote kwamba ujanja basi.

Wakati wa kurudi nimepita nyumbani kwa Bi Imakulata. Uani kwake kuna kichaka kimejaa vitunda vyekundu, vidogo, vya mviringo. Sijui ni nini. Lakini ukifumba jicho moja, ni kahawa kabisa! Kesho nitamwomba tena Mzee Lugembe ule mkasi.