Lori Jipya ni Langu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Habari kubwa. Tajiri amenunua lori jipya la magogo. Lina mkono wa chuma wa kunyanyulia mzigo. Lina kiti kinachobonyea vizuri. Lina vioo vya pembeni viwili, vyote vizima. Bibi, lori langu, ana kimoja, na hicho kinaonyesha mawingu tu.

Tajiri alitukusanya kiwandani, pale penye rundo la mbao, akasema lori hilo ataliendesha mmoja kati ya wawili: mimi au Shemeji. Atakayeleta tripu nyingi zaidi za magogo hadi Ijumaa jioni, ndiye. Akaongeza maneno fulani kuhusu kutunza gari. Sikuyashika vizuri. Kwa mawazo nilikuwa nimeshakaa kwenye kile kiti.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Udereva nilimfundisha mimi. Kupanga gia mlimani, mimi. Kufunga mnyororo, mimi. Leo ananishindania lori! Huyu ni mtu anayepima oili kila asubuhi, hata kama aliipima jana. Anaosha matairi. Matairi ya lori la magogo, anayaosha kwa sabuni. Na ukimwambia lolote anajibu sawa, shemeji. Mtu asiyebisha ni wa kuogopwa.

Leo: yeye tripu mbili, mimi moja. Bibi alichemsha rejeta mlimani.

Mke wangu ameuliza kwa nini nisimwachie mtoto, yaani huyo mdogo wake. Mtoto ana miaka thelathini na nne na kitambi. Nimemwambia miaka kumi na minane nimekalia springi iliyotoboa kiti, mgongo wangu unaijua kila kona ya barabara ile, na lori jipya ni langu. Nilisema kwa sauti kubwa. Akaniongezea chai. Hiyo si dalili nzuri.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekaa nikachunguza. Tatizo si mimi. Tatizo ni kupakia. Wapakiaji sita, gogo moja moja, sukuma, sindikiza, pumzika, bishana. Muda wa saa tatu kwa mzigo mmoja. Kwa Shemeji wanamaliza mapema kwa sababu anashuka na kusukuma nao. Hiyo ni hongo ya jasho. Mimi hubaki kwenye usukani nikiwatia moyo kwa honi.

Suluhisho: winchi. Nyuma ya nyumba nina injini ya pikipiki, ngoma ya mashine ya kufulia na waya wa chuma wa kutosha kuifunga nyumba yote. Mke wangu anapaita jalalani. Mimi napaita karakana. Kuanzia saa kumi hadi magharibi nilikuwa nakaza nati tu. Mwishoni zikabaki nne ambazo sijui ni za wapi. Kawaida. Viwandani huwa wanaweka nyingi mno.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Winchi inafanya kazi. Hilo liandikwe kwanza, kabla ya mengine.

Niliifunga kwenye bodi ya Bibi, nikauvuta waya hadi kwenye gogo kubwa lililolala chini bondeni. Nikawaambia wapakiaji wakae pembeni wajionee. Kukaa hawajambo, wakakaa. Injini ikawaka kwa teke la kwanza. Waya ukakaza. Kitu kikaanza kusogea. Nikashangilia, nikarusha kofia. Kofia ilipotua nikagundua kwamba kinachosogea ni Bibi.

Gogo halikutikisika. Bibi, ambaye breki yake ya mkono ni ya kubembeleza, aliteremka kinyumenyume taratibu, akilifuata gogo. Na juu ya gogo alikuwa amekaa Mnong'ono anakunywa chai.

Mnong'ono ni mkuu wa wakata miti. Walimpa jina hilo kwa kumtania: miaka thelathini ya msumeno wa mashine imemla masikio, na hata salamu anaitoa kwa kelele. Hakuisikia injini. Hakutusikia sisi watu saba tukipiga ukunga. Alihisi tu bampa limemgusa bega, kwa upole kabisa. Akageuka, akamtazama Bibi, akamwaga chai. Akautangazia msitu mzima kwamba amefuatwa na nyuki, amefuatwa na mbwa, lakini kufuatwa na lori ni mara yake ya kwanza.

Kumtoa Bibi bondeni kulichukua saa nne. Aliyemtoa ni Shemeji, kwa mnyororo. Alifunga vizuri sana, fundo safi. Najua alikojifunzia.

Yeye tripu sita, mimi mbili.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimebadili mbinu. Leo akili, vyuma baadaye.

Asubuhi nilimwambia Shemeji daraja la mbao limevunjika, apite njia ya juu. Uongo mdogo, wa kikazi. Akasema sawa shemeji, ahsante kwa kunijulisha. Akaondoka.

Kumbe njia ya juu imepitiwa na greda juzi. Laini, pana, inaokoa nusu saa. Amepiga tripu tatu. Mimi nilipita darajani kama kawaida, na daraja likavunjika. Kweli. Ni ubao mmoja tu, na tairi moja tu, lakini nilikaa pale hadi alasiri nikitazama maji. Shemeji alikuja kunitafuta. Akasema, kwa huruma, kwamba ningefuata ushauri wangu mwenyewe yasingenikuta. Hakuwa ananikejeli. Hilo ndilo lililoniuma.

Yeye tripu tisa, mimi bado mbili. Kesho ni siku ya mwisho. Nahitaji nane.

Lakini! Nikiwa nimekwama darajani nilimwona Mnong'ono ng'ambo akifanya mchezo wake. Anachomeka kigingi ardhini, mbali na mti. Anakata mdomo, yaani ule mkato wa kwanza wa kuuelekeza mti pa kuangukia. Kisha anakata nyuma, mti unalala, na shina linakipiga kigingi na kukizamisha ardhini. Hakosi. Vigingi vitatu, miti mitatu.

Nikatazama, nikawaza. Mti unatoka juu wenyewe. Unakuja chini wenyewe, bure, bila kusukumwa na mtu. Unafika chini. Halafu watu sita wanahangaika saa tatu kuupandisha tena juu ya lori. Sasa kwa nini tunauacha ufike chini?

Mwili ulinisisimka wote. Nadhani wavumbuzi wakubwa nao walikuwa wanasisimka hivi hivi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi, asubuhi

Kila kitu kiko tayari. Nimepata mti unaofaa: umenyooka, na matawi na kilele vilishaondolewa wiki iliyopita kwa ajili ya nyaya za umeme. Lililobaki ni shina tupu, refu sawa na bodi ya Bibi. Limesimama juu ya ukingo, na chini ya ukingo ndipo nilipomwegesha Bibi, mkia wake ukigusa udongo. Shina likilala, linalala ndani. Dakika moja, mzigo tayari. Tripu nane kutwa, na mchana napumzika.

Ili Bibi asiumie nimetandika matairi chakavu manane ndani ya bodi. Juu ya matairi, godoro. Godoro ni letu la nyumbani. Mke wangu ametoka, atarudi saa kumi, nalo litakuwa limesharudi kitandani.

Mnong'ono alikataa. Alikataa kwa sauti iliyorusha ndege. Nikamwambia simlaumu, umri ni umri, hata Shemeji amesema macho ya Mnong'ono siku hizi si yale. (Shemeji hajasema hivyo. Shemeji hajawahi kusema lolote juu ya mtu yeyote, ndiyo maana ni rahisi kumsingizia.) Mnong'ono akaushika msumeno. Akauliza nautaka mti wapi hasa. Nikapanda kwenye bodi, nikachora msalaba wa chaki katikati ya godoro.

Ijumaa, tarehe 7 Machi, jioni

Mnong'ono alipiga msalaba. Hilo hakuna wa kulipinga. Angepima kwa kamba asingepata hivyo.

Mti ulilia, ukainama taratibu, kisha si taratibu tena. Ulilala ndani ya bodi kuanzia mkiani hadi nyuma ya kichwa cha gari, haukuzidi wala kupungua. Kwa sekunde mbili mimi nilikuwa mtu wa kwanza kupakia lori bila kuinua mkono. Wapakiaji walisimama. Mmoja alipiga makofi.

Halafu Bibi akakaa. Sijui niseme vipi, alikaa chini. Springi zote zikalia kwa pamoja. Ekseli ya nyuma ikakatika katikati, na matairi yakalala, moja huku, moja kule, yakiwa hayataki kuonana. Kioo cha pembeni kilisubiri kila kitu kitulie, ndipo kikadondoka.

Nikasema hiyo ni tripu moja. Mzigo uko ndani ya gari, mwenye macho na aone. Nikageuka, na Tajiri alikuwa amesimama nyuma yangu, amekuja kuona kazi inavyokwenda. Hakufoka. Alimzunguka Bibi mara mbili, mikono nyuma. Akauliza godoro ni la nani. Nikasema la nyumbani kwangu. Akavua kofia, akaivaa tena, akaenda kukaa kwenye kisiki.

Shemeji alikuja na mnyororo. Wapakiaji wakalaza magogo mawili chini ya tumbo la Bibi ateleze juu yake, na Shemeji akatuburuta wote: Bibi, shina, godoro, na mimi kwenye usukani nikijifanya naendesha. Langoni karani akaandika mzigo ule kwa Shemeji. Nikapinga. Karani akaniuliza mzigo umeletwa na nani. Nikasema na Bibi. Akaniuliza Bibi ameletwa na nani. Maswali ya watu wa ofisini.

Niandike jambo moja, kisha nilisahau. Njiani nilikuwa nakiona kisogo cha Shemeji, jinsi anavyogeuza kichwa kutazama vioo, kushoto, kulia, kila hatua chache, kama nilivyomfundisha. Niliona aibu. Aibu ya kweli. Nilimfundisha vizuri, na mimi mwenyewe sijui niliacha lini kufanya vile. Aibu hiyo ilidumu hadi langoni.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Godoro lina bonde kuanzia kichwani hadi miguuni. Mke wangu amelala ng'ambo ya bonde. Hadi asubuhi alikuwa hajanisemesha, isipokuwa kuniuliza kama chaki inatoka kwa kufua.

Kiwandani Tajiri ametoa uamuzi. Lori jipya, Shemeji. Bibi, kwa watu wa vyuma chakavu. Mimi, nyumbani, na nisirudi.

Nilitoa mfukoni funguo ya Bibi, ya miaka kumi na minane, nikaiweka juu ya rundo la mbao.

Hapo Shemeji akafungua mdomo. Akamwambia Tajiri kwamba lori kubwa vile linahitaji utingo, mtu wa kufunga minyororo na kuweka mawe nyuma ya matairi, na yeye anamtaka shemeji yake. Bila shemeji yake, lori wampe mwingine. Kila anachokijua barabarani, akasema, nimemfundisha mimi. Wapakiaji wanasema Tajiri aliposikia hivyo alisita kidogo kumpa funguo.

Kwa hiyo mimi ni utingo. Utingo wa mtoto! Nimemweleza mke wangu. Akashika ukuta akacheka hadi machozi, kisha machozi yakaendelea na kicheko kimeisha. Akasema aliogopa sana nitarudi bila kazi. Sikujua kama alikuwa anaogopa. Nimemwambia Jumatatu nitakuwa mtu mpya: nitafunga minyororo, nitaweka mawe, nitasema sawa shemeji. Nimeapa. Nimeapa mbele ya godoro.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Siku ya kwanza ya utingo. Naandika nikiwa ndani ya lori jipya. Kiti cha utingo nacho kinabonyea vizuri, sikutegemea. Shemeji ananiita mkuu mbele za watu. Asubuhi nzima nimefunga minyororo, sijavumbua kitu. Mnong'ono alinisifu, wakasikia hadi kiwandani.

Sasa hivi tumekwama. Si sana, tairi la nyuma limezama kwenye tope hadi nusu. Shemeji amekwenda kwa miguu kuomba kokoto kwa watu wa barabara. Amenikabidhi funguo kwa mkono wake mwenyewe na kuniomba nisiguse kitu. Nimemjibu sawa shemeji, na nilimaanisha.

Ila nimekuwa nikiutazama ule mkono wa chuma. Tani mbili unazinyanyua bila kuhema. Kitako cha lori tupu kinaweza kuwa na tani ngapi? Ukiushusha mkono, ukakishika kitako cha lori lenyewe, ukavuta juu, si lori litajinyanyua? Mimi nateremka, naweka jiwe chini ya tairi, napanda, naushusha. Kokoto za nini?

Nimekisoma kibao cha maonyo chote, mara mbili. Kimekataza mtu kusimama chini ya mkono. Kimekataza kunyanyua watu. Hakuna mahali kilipokataza lori kujinyanyua lenyewe.

Shemeji amesema atarudi baada ya nusu saa. Dakika kumi zinanitosha.