Namba Inayozunguka na Benchi Langu

Jumatatu, 3 Machi
Mteja wa leo mmoja tu: aliulizia choo. Watu wanaangalia saa kwenye simu, na sisi mafundi saa tumebaki kama vitasa visivyo na mlango. Ng'ambo ya barabara benchi la Kinyozi limejaa wapiga soga. Langu limekaliwa na vumbi. Mke wangu yuko kwa dada yake tangu mwezi uliopita. Anapumzisha masikio, ati!

Lakini mimi si wa kulia. Ndani ya mfuniko wa saa kuukuu nimekuta namba: 142857. Nikaizidisha kwa mbili, mikono ilikosa kazi tu. 285714! Kwa tatu, 428571! Tarakimu zilezile, mpangilio uleule, zinazunguka kama mshale. Maajabu haya yalikuwa yanamsubiri nani kama si mimi?

Jumanne, 4 Machi
Nne, tano, sita: 571428, 714285, 857142. Haikosei! Nimeandika kwenye kibao: ATAKAYEISHINDA NAMBA HII, NAMTENGENEZEA SAA YAKE BURE. Nikapangusa benchi. Nikampigia mke wangu. Akauliza nimekula nini. Nikamwambia aache mambo ya sufuria, azidishe kwa tano. Simu ikakatika. Mitandao ya siku hizi!

Alhamisi, 6 Machi
Benchi limejaa! Nimeongea mpaka koo likakauka, raha tupu. Kisha Kinyozi akaja na mkasi wake, akauliza: Fundi, na kwa saba je? Nikacheka kwa dharau, nikasema hata kwa saba elfu, bwana wee. Sikuwa nimejaribu. Fundi haulizwi nyundo yake! Akabonyeza kikokotoo. 999999. Tisa zote sita zikanitumbulia macho.

Walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Wakavuka barabara wote. Na Kinyozi saa hana, hata zawadi sikupata wa kumpa. Akageuka akaniita: njoo ukae nasi, kaka, nafasi ipo. Nikajibu nina kazi nyingi. Nikakaa nazitazama tisa zangu.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu kapiga mwenyewe! Akasema ana hesabu ya kunipa. Nikavuta kikokotoo chapuchapu. Akasema: siku ishirini na nne niko huku, umeniuliza hali yangu mara ngapi?

Nikafikiri sana. Nikamjibu kuwa sifuri nayo ni namba ya ajabu, ukizidisha chochote nayo inameza. Akasema nikilielewa swali nimpigie.

Jumapili, 9 Machi
Saa zangu kumi na moja ukutani, kila moja inasema lake, na hakuna wa kubishana nazo. Nimeweka vikombe viwili tena. Mazoea.

Maneno ya mke wangu nimeyatafakari siku mbili, na kosa langu nimelikamata: namba ilikuwa ndogo mno! Sasa ninayo 12345679. Nane haimo, sijui ilikwenda kwa dada yake. Zidisha kwa tisa: 111111111! Moja zote tisa, bega kwa bega, hakuna iliyoondoka.

Kesho asubuhi nampigia. Atarudi mbio. Kwa kumi na moja bado sijajaribu, lakini itashindwaje?